Maboksi Yasiyofunguliwa

Nina watu arobaini wamelala kwenye kijumba kimoja. Wana majembe, wana mashua, wana hata mvua yao wenyewe. Lakini asipokuja mgeni akakaa mbele yao, hawaamki.

Kitendawili hicho nilimtegea mjukuu wangu Michiru siku aliyonionyesha mchezo wake mara ya kwanza, naye akacheka mpaka akashika ubavu, maana jibu alikuwa amelishika mkononi. Ni kadi. Kadi arobaini ambazo mchezaji hutembea nazo ndani ya kiboksi chake. Akiwa peke yake hana mchezo, ana karatasi.

"Bibi, unanitegea kitu nilichokishika?"

"Ningekutegea usichokijua ungenuna."

"Mimi sijawahi kununa."

"Hujawahi kutoa mji, hilo ndilo hujawahi."

Na kweli. Tangu akiwa mdogo, Michiru akishindwa kitendawili alilala nacho, akaamka nacho, akaenda nacho shule, na jioni akarudi na jibu la uongo akaling'ang'ania kama kupe. Umwambie, basi nipe mji nikwambie, hatoi. Babu yake alikuwa akisema, huyu hata tukimnyang'anya Sakai yote na Osaka juu yake, atasema bado anafikiri.

Duka langu liko hapa hapa Sakai, kwenye mtaa wa maduka wenye paa, katikati ya muuza tofu na kinyozi aliyefunga. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukiuza peremende na biskuti za mchele. Watoto walipoanza kuulizia kadi za Majoka, tukaweka boksi moja karibu na peremende. Haukupita muda peremende ndizo zikawa zimewekwa karibu na kadi.

Majoka ni mchezo mzee sasa. Walioanza kuucheza na kamasi puani leo wana vipara, na bado kila Jumamosi wanakuja, wanakaa kwenye meza zangu, wanatukanana mpaka jioni. Mfalme wao ni Okudera, dereva wa gari la vifurushi, mtu mnene mpole mwenye sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Akibadili kiti, wenzake nao wanabadili. Anayemfuata kwa ufundi, na kumpita kwa ulimi, ni Nagase, karani mwembamba wa ofisi ya kata.

Chini ya kaunta nina pipa. Mtu akinunua pakiti huichana pale pale, macho yamemtoka, hataki hata kungoja chenji, na karatasi anaitupa pipani. Pipa likijaa, mchezo unaishi. Sina kipimo kingine, na sijapata kuona kilicho bora zaidi.

Michiru alikuwa mchoraji katika kampuni ya Majoka kule Tokyo. Msidhani alichora majoka. Kampuni ni kubwa, joka moja wanaligawana watu: mmoja kichwa, mmoja mabawa, mmoja moto. Michiru alichora mikia. Miaka ikapita akichora mikia, mpaka siku moja akarudi kwangu na begi na kusema, "Bibi, nimeacha. Nataka kuchora kitu kizima."

Kitu chenyewe ni Mto. Kila mchezaji ana kijiji kando ya mto mmoja, na maji yanashuka kutoka mlimani. Unajenga lambo, mwenzako wa chini anakosa maji, anakuja kukubembeleza au kukuvizia. Alianza kuufikiria akiwa mtoto, tukitembea kwenye ukingo wa mto Yamato, akiniuliza maji ya mbele yanajuaje pa kwenda. Toleo la kwanza liliishia kwenye mashamba ya mpunga. Bahari ilikuwa katika toleo la pili, na bila bahari mchezo huo ulikuwa kama hadithi aliyoikatiza mtu akaenda chooni. Michiru alikwishaichora yote. Ilikuwa kwenye droo ya kabati la chumba cha juu, kadi baada ya kadi, zimefunikwa kwa karatasi laini kama nguo ya harusi.

Kampuni ndogo ya uchapaji ya Osaka ikakubali kumchapia. Toleo la kwanza lingetoka majira ya vuli. La pili lingefuata, ikiwa maduka yataonyesha kwamba watu wanaucheza. Kuonyesha maana yake ni shindano, na shindano katika biashara hii ni watu wanane, kila mmoja na kadi zake mwenyewe, na picha ya kuthibitisha. Saba hawahesabiki. Kwa hiyo bahari yote ya mjukuu wangu ilikuwa inangoja viti vinane.

Siku ya kutoka toleo, foleni ilianzia mlangoni kwangu ikapita kwa muuza tofu mpaka kwenye duka la viatu. Ilibidi tupige kura nani anunue. Michiru alisimama mlangoni akiinamia watu mpaka nikaogopa shingo yake itakwama. Okudera alipata boksi, Nagase alipata, na watu nisiowajua waliotoka mbali kwa treni walipata.

"Nikuchanie nailoni, mwanangu?" nilimuuliza mmoja.

"Hapana bibi, usiguse kabisa. Hata kona usiiminye."

"Utachezaje sasa?"

"Kucheza baadaye."

Aliyemfuata aliomba mfuko wa pili, ili mfuko wa kwanza usije ukakwaruza boksi.

Yaliisha yote. Jioni Michiru alinunua vitumbua vya pweza, tukala tukiwa tumesimama, vinatuunguza ulimi, na kila aliyepita mtaani akitupongeza. Pipa lilikuwa tupu. Nililiona. Nikasema moyoni, leo wateja wangu wana adabu, wameenda kuchana kwao wasinichafulie sherehe ya mjukuu wangu. Furaha nayo inapofusha, tena macho yote mawili.

Jumamosi ya kwanza Michiru alichukua meza ya dirishani, akaitandika kitambaa cha buluu, akapanga viti vinane. Akakaa kimoja. Kwingine kote walijaa watu wa Majoka, wengine wamesimama. Ikafika mahali mmoja akaja kwenye meza ya buluu, akainama, akaomba radhi, akaazima kiti. Kisha mwingine naye akaja. Michiru akawa anawapa kwa mikono miwili, "karibu, chukua," mpaka akabaki yeye, kiti chake na kitambaa.

Ilienda hivyo kipupwe chote. Siku moja, nje kuna manyunyu na treni zimechelewa, Okudera aliwahi kufika kabla ya wenzake. Akakaa na Michiru kwa kupoteza muda. Michiru akamwazima kadi za majaribio, alizokata kwa mkasi wake mwenyewe kabla kiwanda hakijachapa. Wakacheza. Okudera akashindwa, akaomba tena, akashindwa tena, akafuta uso kwa taulo la shingoni.

"Dada, nikwambie kitu? Huu ni mtamu kuliko wetu. Ila usiwaambie wale."

"Basi njoo Jumamosi ijayo na boksi lako."

"Wakifika saba, mimi ni wa nane."

"Nao wanasema hivyo hivyo."

"Unaona? Tunakubaliana."

Michiru hakucheka. Okudera akakuna kichwa. "Sikiliza. Wiki ina Jumamosi moja. Mimi siku nyingine zote napandisha ngazi na mafriji ya watu. Nikija kukaa hapa halafu nisipate wa kucheza naye, imeenda hiyo. Kule nina kadi za miaka thelathini, na nina watu wa kunitukana."

"Nitakutukana mimi."

"Wewe una heshima sana. Utaniambia nini, mheshimiwa mjinga?"

Wenzake wakaingia wakikung'uta miavuli, akahama. Aliondoka na kiti.

Nilikaa na jambo hilo. Kila niliyemuuliza aliupenda Mto. Nagase aliupenda. Mwalimu wa hesabu anayekuja na mkewe aliupenda, na mkewe zaidi. Kila mmoja alikuwa akingoja wenzake waanze. Ni kama watu waliokaa karibu na maji ya kuoga, kila mtu anasema tangulia wewe, hapana tangulia wewe, na maji yanapoa.

Basi nikafanya ninavyojua kufanya. Nilichemsha figili na mayai kwenye sufuria kubwa, nikajaza mabakuli manane, nikayafunga kwa vitambaa na kuyapeleka moja moja kwa wachezaji wangu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, na wao wanalijua hilo kama ninavyolijua mimi. Nagase nilimfuata mpaka ofisini, akatoka kwenye kidirisha chake uso umemshuka.

"Bibi, hii ni rushwa."

"Ni figili."

"Sasa nikurudishie nini? Mimi sijui hata kupika wali."

"Usinirudishie chakula. Nirudishie Jumamosi moja, ya mwisho wa mwezi, pamoja na boksi lako."

"Na wengine?"

"Wote wameshapokea bakuli."

Akalinusa kupitia kitambaa. "Umetuweza," akasema.

Wakaja. Naapa walikuja wote wanane, Jumamosi ile, wameosha mabakuli yangu yakang'aa, wakayapanga juu ya kaunta. Okudera, Nagase, mwalimu na mkewe, na wengine wanne wa siku zote. Meza za Majoka ziliduwaa bila mfalme wao. Michiru alivaa shati jeupe alilopiga pasi. Nilisogeza jiko la mafuta ya taa karibu na meza ya dirishani ili miguu yao ipate moto.

Kila mmoja akatoa boksi lake na kuliweka mezani. Yote manane yalikuwa na nailoni yake. Okudera lake alilivika na taulo.

Michiru akaweka mkasi katikati ya kitambaa cha buluu.

"Karibuni," akasema. "Mkishachana mtachagua kadi arobaini, halafu tutaanza."

Hakuna aliyeushika. Jiko lilikuwa linanong'ona peke yake. Mwalimu akamtazama mkewe, mkewe akatazama nje.

"Waanze wakubwa," Nagase akasema.

"Wakubwa kwa umri au kwa tumbo?" Okudera akajibu. "Kwa tumbo nakubali."

"Tufanye mkono. Atakayeshindwa ndiye anachana kwanza, halafu sote tunafuata."

Wakakubali. Wakatoa ngumi nane juu ya meza, jiwe, mkasi, karatasi, watu wazima na mvi zao, wakapungua mmoja mmoja wakishangilia kuokoka, mpaka wakabaki Okudera na Nagase. Nagase akatoa karatasi. Okudera alikuwa ametoa jiwe, na karatasi hulifunika jiwe.

Alichukua mkasi. Kidole chake hakikuenea tunduni, akaushika kwa kiganja. Akaweka ncha kwenye nailoni. Akangoja.

"Mfalme anatetemekea mfuko wa plastiki," Nagase akasema.

"Ngoja wewe." Akaushusha. "Nikiwa darasa la tatu nilikuwa na Joka la Theluji. La toleo la kwanza kabisa. Nikaandika jina langu usoni pake kwa wino mzito, herufi kubwa, ili kaka yangu asiliibe. Hakuliiba. Hakuna atakayeliiba mpaka siku ya kiyama."

Wakacheka wote, maana kila mmoja alikuwa na lake la namna hiyo. Mwalimu lake lilifuliwa pamoja na suruali. Joka la Theluji ambalo halikuandikwa jina liko kwenye kabati langu la vioo, nyuma ya kufuli, na watu huja kulitazama kama wanavyotazama maiti ya mtu mkubwa.

"Ungekuwa nalo safi ungenunua gari," Nagase akasema.

"Ningenunua gari na dereva."

"Lina thamani kwa sababu mliandika majina," Michiru akasema. Alisema polepole, mikono ipo magotini. "Mliyachorachora, mkayafua, mkayatafuna. Mlicheza nayo, ndiyo maana yamebaki machache, na ndiyo maana mnayakumbuka. Mngeyafungia kabatini nyote, leo yangekuwa karatasi ya kufungia viazi."

"Tunajua, dada," Nagase akasema.

"Basi?"

"Basi kila mtu angependa wengine wachane, yeye abaki na zima." Akainamisha kichwa. "Samahani. Nasema tu lililopo."

Okudera alikuwa bado ameshika mkasi. Alinitazama mimi, kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. "Bibi, figili zako zilikuwa tamu. Lakini mkono umekataa."

Nikaenda kumimina chai ya shayiri ambayo hakuna aliyeiomba.

Michiru hakungoja niimalize. Alipanda ngazi akarudi na zile kadi zake za majaribio, zote alizokuwa nazo, zikawatosha wanane. Akazigawa. "Chezeni na hizi," akasema. "Msiharibu kitu chenu."

Na wakacheza, mama yangu. Sijapata kuona mchana kama ule dukani, na nimeona mingi. Ndani ya muda mfupi walisahau kuwa wamekuja kwa sababu ya bakuli. Mke wa mwalimu alimkatia mumewe maji, mumewe akadai wana watoto pamoja, akaambiwa watoto wana kijiji chao. Okudera alisimama akapiga meza.

"Nagase, umeziba mto mzima! Watu wangu wanywe nini?"

"Chai. Bibi anamimina bure."

"Mwizi wa kata wewe."

"Lete fomu, nitakushughulikia ndani ya siku saba za kazi."

Watu wa Majoka wakaja kusimama nyuma ya viti vyao, wanachungulia, wanaulizana hii inafanyaje, ile inafanyaje. Michiru alikuwa akizunguka meza akieleza, mashavu mekundu, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Nilisema moyoni, maji yameanza kutembea.

Jua lilipokwisha kwenye paa la mtaa, tukapiga picha. Nagase ndiye aliyesema, "Tuweke maboksi mbele, tuonekane wachezaji wa kweli." Wakayapakata, nailoni inametameta, wote wanane wanacheka. Michiru akaituma picha kwa kampuni jioni ile ile.

Jibu lilikuja kwa simu. Alikuwa amekaa karibu na jiko, akainuka, akawa anaiinamia simu kama mwenye nayo yuko mbele yake. Ndiyo. Ndiyo. Asanteni sana. Ndiyo. Kisha akaiweka chini, akakaa.

"Wamesemaje?"

"Wamefurahi sana."

"Bahari lini?"

"Wanasema picha imewagusa. Maboksi yaliisha nchi nzima kwa siku moja, na mpaka leo watu wanayakumbatia kama watoto. Wanachapa tena toleo la kwanza, mara nyingi zaidi ya mwanzo. Wameshaagiza karatasi."

"Na bahari?"

"Hayo yakiisha."

"Uliwaambia kuwa yale hayajafunguliwa?"

"Niliwaambia, bibi. Wakasema hiyo ndiyo inaonyesha mapenzi yao ni makubwa kiasi gani."

Akainuka kwenda kulijaza jiko mafuta.

Maboksi mapya yalifika miti ikianza kutoa maua. Aliyeyaleta ni Okudera, kwa gari lake la kazi. Aliingiza katoni ya kwanza amenuna kidogo kama afanyavyo akiwa kazini, akaiweka, akaenda kuleta nyingine. Ziliendelea kuja mpaka zikafunika peremende. Katikati ya safari zake akasimama akasoma maandishi ya ubavuni.

"Bibi, hizi ni za Mto?"

"Za Mto."

"Zote?"

"Na kwingine wamepeleka kama hizi."

Akaitua ile aliyoibeba, taratibu, kama ina mtu ndani. Akanipa karatasi nigonge muhuri. Akarudi garini bila kungoja chai.

Jioni Nagase alitangulia kuja kuliuza boksi lake kabla bei haijaanguka, limo kwenye mfuko wa ndani ya mfuko. Akaja mwalimu, bila mkewe. Wakaja watu wa mbali, wale wa treni, kila mmoja na lake, na wengine nayo kadhaa. Yalirudi yote kwa mlango ule ule yaliotokea, yakiwa mazima kama mayai ambayo kuku aliyakimbia. Mwisho akaja Okudera. Alikuwa ameshavua nguo za kazi.

"Unapokea?"

"Sina pa kuweka, mwanangu. Angalia mwenyewe."

"Nipe chochote."

"Kwa nini usilichane sasa? Halina tena thamani ya kukufanya utetemeke."

Akafikiri kweli, nilimwona. "Nichane nicheze na nani?"

"Na mimi."

"Bibi, wewe unafunga macho ukikaa." Akatabasamu nusu. Kisha akaangalia ngazi ya kwenda juu. "Yupo?"

"Yupo."

"Usimwambie nilikuja." Na akaliacha kwenye kaunta, hakuchukua hata senti, akaondoka akigusa ukingo wa mlango kama mtu aliyepotewa na njia ya nyumba anayoijua.

Maduka makubwa ya stesheni hayana bibi wa kubembeleza. Yaliyatia kwenye kigari cha punguzo, kile cha karatasi nyekundu. Kitu kikishaingia kwenye kigari kile, hapa kwetu watu hukipita kama wanavyopita nyumba yenye msiba: wanapunguza sauti na kuongeza mwendo. Michiru alikuwa bado na tumaini. Alisema, sasa ni rahisi, sasa watachana. Akaandika tangazo kwa mkono wake, akachora na wimbi dogo pembeni, akalibandika dirishani. Hawakuchana. Yalipokuwa ghali waliogopa kuyachana, yaliposhuka wakaona aibu kuonekana nayo. Hakuna anayetaka kuketi kwenye mchezo uliokwisha kufa, hata kama aliyeuua ni yeye.

Kampuni ya Osaka ikapiga simu tena. Hiyo hakuiinamia. Aliipokea amekaa, akasema naelewa, naelewa, akaikata.

Usingejua kama amelia. Alipanda juu, nikasikia droo ya kabati ikifunguliwa. Nilimpa nafasi, kisha nikamfuata na chai. Alikuwa ametandaza bahari yote sakafuni. Sikuwa nimewahi kuiona imekamilika. Kulikuwa na kadi za chumvi, na za minara, na samaki wenye nyuso za majirani zetu. Muuza tofu alikuwa pweza na alifanana kabisa. Na ile ya mwisho, mahali mto unapoingia baharini, alikaa bibi mmoja mdogo na kapu la peremende. Chini yake yameandikwa maneno: mpinzani akutegee kitendawili, ukijibu, maji yako yanapita.

"Na asipojibu?" nikamuuliza.

"Anatoa mji."

Nje kipaza sauti cha mtaa kilikuwa kinatangaza bei ya mayai.

"Wale wa kampuni ya Majoka wamenijibu," akasema. "Wanasema nafasi yangu ipo."

"Ya vichwa?"

"Ya mikia, bibi."

Alizikusanya kadi akazirudisha, na karatasi yake laini juu. Nilimwambia achukue, akasema zikae. Nilimwambia labda miaka mingine, labda kampuni nyingine. Akasema, "Ndiyo," kwa ile sauti aliyowajibia wao.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafunga zipu ya begi pale mlangoni. Mimi nilikuwa na peremende mkononi za kumpa njiani, na sikuwa na jingine la kumpa. Nikamtegea.

"Mgeni mzuri amefika mlangoni. Nyumbani kila mtu anampenda. Kila mtu anangoja mwenzake akamfungulie."

Nilingoja akunje uso. Nilingoja aende nacho stesheni, aende nacho Tokyo, anipigie simu na jibu la uongo tugombane.

"Nakupa mji," akasema.

"Hujajaribu hata."

"Chukua bibi. Chukua wowote unaoutaka."

Akainama, akaburuta begi chini ya paa la mtaa, na magurudumu yake niliyasikia mpaka kwenye duka la viatu. Ada ni kwamba ukipewa mji unatoa jibu. Mji niliupokea. Jibu sikulitoa.

Meza ya dirishani ni ya Majoka sasa, kitambaa cha buluu nimekikunja. Wakati mwingine mmoja wao hunyanyua kichwa na kusema, "Bibi, ule mchezo wa mto ulikuwa mzuri sana." Wenzake wote huitikia, ulikuwa mzuri, kwa kweli ulikuwa mzuri. Nawamiminia chai.

Vuli hii limetoka toleo jipya la Majoka. Pipa lilijaa kabla ya chakula cha mchana, nikalikanyaga kwa mguu ili karatasi zaidi zipate nafasi. Okudera aliipata ile kadi ambayo wote waliitafuta, akaja nayo kwenye kaunta ameishika kwa ncha za vidole, anataka nifurahi naye. Nikavaa miwani. Mkia ulikuwa mrefu, umejikunja mara tatu na kurudi, magamba yake yanameta moja moja, na ukiufuata unazidi kuwa mwembamba mpaka pembeni ya karatasi, unakatika hapo, kama maji yaliyokosa pa kwenda.

"Bibi," Okudera akasema, "unatazama wapi? Kichwa kiko huku."